Ahadi ya Albuquerque – Sehemu ya Pili

ILIPOISHIA: Mapema mwaka 1975, Paul Allen na Bill Gates walimpigia simu Ed Roberts wa kampuni ya MITS, mjini Albuquerque, Marekani. Walimwambia wana lugha ya BASIC kwa ajili ya kompyuta yake mpya, Altair 8800. Roberts, aliyekuwa amezama kwenye madeni, akawajibu kuwa wengi wameshamwahidi hivyo. Kazi atapewa atakayetangulia kuileta. Vijana wale hawakuwa wameandika hata mstari mmoja.

SASA ENDELEA...

Altair yenyewe hawakuwahi kuiona ila jaridani. Hata chipu yake, Intel 8080, hawakuwa nayo. Walikuwa na kitabu cha maelezo ya chipu hiyo tu, na kompyuta kubwa ya PDP-10 pale Harvard, alikosoma Gates.

Allen akaandika programu ya kuifanya PDP-10 ijifanye 8080. Gates akakaa na BASIC, akiibana baiti kwa baiti ienee ndani ya baiti 4,096. Hesabu za desimali akapewa mwanafunzi mwenzake, Monte Davidoff. Wakakesha wiki kadhaa. Hatari ilikuwa moja: kama Allen alikosea kuelewa amri hata moja ya chipu, kila walichojenga juu yake kingeporomoka, na wasingejua mpaka siku ya majaribio.

Siku ya safari ikafika. Allen akapanda ndege peke yake, BASIC ikiwa kwenye utepe wa karatasi uliotobolewa matundu. Ndege ilipoanza kushuka Albuquerque, moyo ukamlipuka. Altair ikiwashwa haijui lolote, hata kusoma utepe haijui. Inahitaji kwanza programu fupi ya kuifundisha kusoma, na hiyo walisahau kuiandika!

Akanyakua karatasi, akaanza kuandika namba za mashine moja baada ya nyingine, bila kompyuta ya kuzihakiki. Magurudumu yakagusa ardhi.

Kesho yake asubuhi akasimama mbele ya Altair. Ile ya kawaida iliuzwa na baiti 256 tu za kumbukumbu. Hii ilikuwa imeongezewa kadi kadhaa za kumbukumbu. Haikuwa na kibodi wala skrini, ni swichi na vitaa vyekundu tu. Roberts na mhandisi wake, Bill Yates, wakamtazama akipandisha na kushusha swichi, akiingiza zile namba za ndani ya ndege. Namba moja tu ikikosewa, basi.

Utepe ukaanza kupita kwenye teletaipu, mashine ya kuchapa iliyounganishwa na Altair, taratibu, dakika baada ya dakika. Ukaisha. Allen akapanga swichi kwenye anwani ya mwanzo, akabonyeza ya kuanzisha.

Kimya.

Mara teletaipu ikashtuka, nyundo yake ikainuka kuelekea karatasi...

Je, Altair itasema nini? Usikose wiki ijayo.

ITAENDELEA