WEP, WPA: hizi herufi zilitoka wapi?
Wenzetu, kwenye mipangilio ya Wi-Fi tunaona WEP, WPA, WPA2, tunapita tu. Lakini zina historia. WEP ilianza 1997, ikaahidi usiri sawa na wa waya. Mwaka 2001 Fluhrer, Mantin na Shamir wakaonyesha udhaifu wa ufunguo wake, na 2007 watafiti wa Darmstadt, Ujerumani, wakaivunja kwa chini ya dakika moja. Dakika moja, jamani! WPA ya 2003 ilikuwa kiraka cha haraka. WPA2 ya 2004 ndiyo ikawa kufuli lenyewe, WPA3 ikafuata 2018. Sasa, ile rauta ya zamani pale tunapochaji simu bado inaonyesha WEP. Namba za kesi na picha za familia tusizitumie hapo.