Nyumba Ikishaungua, Maji Yasitangulie

Ndugu zangu wa Pwani, moto ukizimika naona wengi twakimbilia ndoo na sabuni. Mimi nasema kuta kwanza. Nyumba zetu za kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, na tumbawe likipata moto mkali hugeuka chokaa, kama yale yanayochomwa tanurini. Likimwagiwa maji hufura na kumomonyoka. Kwa hivyo umeme ukatwe, na fundi akague kuta na boriti kabla ya mtu kuingia.

Funika pua na mdomo, kisha pangusa masizi kwa brashi laini, kavu, kuanzia juu. Ukitanguliza maji, yatazama ndani ya plasta. Chakula na dawa vilivyopatwa na moshi, tupa. Vyombo hununuliwa vingine. Aliyeangukiwa na dari harudi.