Sadaka na Ukombozi: Michango ya Wakristo na Watumwa wa Pwani ya Afrika Mashariki katika Karne ya 19

Historia ya misheni za Kikristo katika pwani ya Afrika Mashariki imezoeleka kuandikwa kwa kufuata safari za wamisionari, mahubiri yao na shule walizozijenga, ilhali nyuma ya kila kituo kulikuwa na mfuko wa fedha uliokusanywa mbali sana na Zanzibar, Bagamoyo au Mombasa. Kati ya miaka ya 1860 na mwisho wa karne ya 19 sehemu kubwa ya fedha hizo ilitolewa kwa kusudi moja lililowagusa waumini wengi wa Ulaya, nalo ni kuwasaidia watu waliokamatwa na kuuzwa utumwani. Michango hiyo iliwatoa watu wengi katika minyororo, lakini pia iliamua ni nani atakayekombolewa, ataishi wapi, atafanya kazi gani na habari zake zitasimuliwaje, kwa kuwa mfumo wa kukusanya fedha uliunda mfumo wa kuzitumia.

Mfumo wenyewe ulikuwa umekwisha kutengenezwa kabla ya mapadri wa kwanza wa Kifaransa kufika Zanzibar. Mnamo mwaka 1822 Shirika la Uenezaji wa Imani lilianzishwa katika mji wa Lyon, Ufaransa, likifuata mpango wa mwanamke mlei, Pauline Jaricot, ambaye aliwapanga watoaji katika makundi ya watu kumi kumi, kila mmoja akitoa santimu tano kwa wiki, na kila kundi likiwa na kiongozi aliyepeleka makusanyo kwa kiongozi wa mamia, naye kwa kiongozi wa maelfu. Mwaka 1843 Charles de Forbin-Janson, askofu wa Nancy, aliupeleka mpango wa namna hiyo kwa watoto kwa kuanzisha Utoto Mtakatifu, shirika lililomtaka mtoto Mkristo atoe santimu tano kwa mwezi na kusali kila siku kwa ajili ya watoto wa nchi zisizo za Kikristo. Nguvu ya mashirika haya mawili ilitokana na wingi wa watoaji kuliko ukubwa wa sadaka ya mmoja mmoja, kwa sababu vibarua, watumishi wa nyumbani na watoto wa shule waliweza kushiriki katika kazi ambayo hapo awali ilitegemea wafalme na matajiri. Ili watoaji hao wadogo wasichoke, mashirika yalichapisha majarida yenye barua za wamisionari, na kwa njia hiyo barua ikawa sehemu ya lazima ya ukusanyaji wa michango.

Mapadri wa kwanza wa Kikatoliki walifika Zanzibar mwaka 1860 kutoka kisiwa cha Réunion, na mwaka 1863 kazi yao ikachukuliwa na Shirika la Roho Mtakatifu chini ya Padri Antoine Horner, ambaye barua zake kuhusu soko la watumwa la Zanzibar zilisomwa Ulaya. Kwa fedha zilizopatikana wamisionari hao waliwanunua watoto sokoni, wakawalea, wakawafundisha dini, kusoma na ufundi. Mwaka 1868 walihamishia shughuli zao kubwa Bagamoyo, bandari iliyokuwa mwisho wa njia ya misafara kutoka bara, na huko wakaanzisha shamba na kijiji cha watu waliokombolewa. Kipindupindu cha miaka ya 1869 na 1870 na kimbunga cha mwaka 1872 viliirudisha misheni hiyo nyuma, na maafa hayo nayo yakawa sababu ya maombi mapya ya msaada.

Kununua watu ili kuwaweka huru kulizua swali zito, kwani fedha iliyolipwa sokoni iliingia mikononi mwa wafanyabiashara walewale waliolaumiwa katika barua zilizoichangisha. Wapinzani wa utaratibu huo walihoji kwamba mnunuzi mwema, kama mnunuzi mwingine yeyote, huongeza mahitaji ya bidhaa, na kwamba mtoto mmoja aliyekombolewa huenda akamfungulia mlango mtoto mwingine kukamatwa. Watetezi wake walijibu kwamba mtu aliyesimama sokoni asingeweza kungoja mpaka biashara nzima ikomeshwe. Kwa Waingereza jambo hili lilikuwa limeamuliwa na sheria, kwa kuwa tangu mwaka 1843 raia wa Uingereza alikatazwa kununua mtumwa popote duniani, na hivyo misheni za Kianglikana ziliwapokea watu waliotolewa na Sultani wa Zanzibar au waliokamatwa baharini na manowari za Uingereza katika majahazi yaliyovunja mikataba ya kuzuia biashara ya watumwa. Wafadhili wa Uingereza, kwa hiyo, hawakuombwa bei ya mtumwa. Waliombwa gharama za kumtunza aliyekwisha kuwekwa huru, yaani chakula, nguo, nyumba na masomo.

Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, ijulikanayo kwa kifupi kama UMCA, ilitokana na hotuba aliyoitoa David Livingstone huko Cambridge mwaka 1857. Baada ya kushindwa kukaa karibu na Ziwa Nyasa ilihamia Zanzibar mwaka 1864, ambako Askofu William Tozer alipewa na Sultani wavulana watano waliotolewa katika jahazi lililokamatwa. Mwaka 1871 ilinunua shamba la Mbweni, na baada ya Sultani Barghash kutia saini mkataba wa Juni 5, 1873 uliofunga masoko ya watumwa, sehemu ya kiwanja cha soko la Mkunazini ilinunuliwa kwa fedha za padri mmoja wa misheni hiyo, na sehemu nyingine ikatolewa bure na mfanyabiashara Mhindu aliyeitwa Jairam Senji. Kanisa kuu la Anglikana lililojengwa hapo kwa hiyo lilisimama pia juu ya ukarimu wa mtu asiye Mkristo, jambo linaloonyesha kwamba sadaka ya pwani haikutoka upande mmoja tu wa bahari.

Kifo cha Livingstone mwaka 1873 na safari ya mjumbe wa Uingereza, Sir Bartle Frere, huko Zanzibar mwaka huohuo viliamsha michango mipya Uingereza, na Shirika la Kimisionari la Kanisa, yaani CMS, likapata nguvu ya kuanzisha kijiji cha Freretown, mkabala na kisiwa cha Mombasa, mwaka 1875. Huko waliletwa watu waliookolewa baharini, wakaungana na Waafrika waliolelewa India, hasa Nasik, baada ya wao wenyewe kuokolewa katika miaka iliyotangulia.

Maisha ya vijiji hivi yalibeba alama za mfuko uliovianzisha. Bagamoyo watoto waligawa siku kati ya darasa, sala na kazi za shamba au karakana, na walipokua walioana na kuhamia kijijini, wakapewa nyumba na kipande cha ardhi, huku wakiendelea kufanya kazi katika shamba la misheni. Majina ya ubatizo mara nyingine yalichaguliwa na wafadhili, na maendeleo ya watoto yaliripotiwa kwa watu ambao hawangeonana nao kamwe. Mpango huo uliwahakikishia wengi usalama, kwani mtu asiye na ukoo pwani aliweza kukamatwa tena wakati wowote, lakini ulimweka aliyewekwa huru chini ya mamlaka ambayo hakuichagua. Freretown mamlaka hiyo ilizidi mipaka, na mwaka 1881 matumizi ya viboko kijijini hapo yalichunguzwa, wakati Wakristo wa Kiafrika waliotoka India walikuwa wakilalamikia nafasi na malipo duni kuliko ya Wazungu. Malalamiko ya namna hiyo hayakuwa rahisi kuingia katika majarida, kwa kuwa yalipingana na taswira ya mpokeaji mwenye shukrani ambayo michango iliitegemea.

Mfano wa Rabai, kituo cha CMS kilichokuwa bara kidogo kutoka Mombasa, unaonyesha kwamba wenye shida hawakungoja kuchaguliwa. Watoro, yaani watumwa waliowakimbia mabwana zao, walikwenda wenyewe Rabai na kujenga makazi karibu na misheni, hata ikawa vigumu kwa wamisionari kuwakataa na hatari kuwapokea. Wenye mashamba wa pwani walipodai mali yao, George Mackenzie wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki alilipa fidia, na Januari 1, 1889 watoro zaidi ya 1,400 wakapewa hati za uhuru. Fedha hapo ilifuata hatua iliyokwisha kuchukuliwa na watumwa wenyewe.

Wakati huohuo ukusanyaji wa michango uliingia katika siasa za mataifa. Mwaka 1888 Kardinali Charles Lavigerie, mwanzilishi wa Wamisionari wa Afrika, alihubiri Paris na London dhidi ya utumwa kwa baraka ya Papa Leo XIII, na mwaka 1890 Papa huyo akaagiza kwamba kila mwaka, katika sikukuu ya Epifania, sadaka ikusanywe makanisani kwa ajili ya misheni za Afrika. Huruma iliyoamshwa na hotuba hizo iliwasaidia wamisionari, lakini pia iliyapa mataifa ya Ulaya sababu ya kuhalalisha utawala waliokuwa wakiusimika.

Ndani ya mfumo huo waliokombolewa hawakubaki kuwa wapokeaji tu. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa UMCA aliongoza kundi la watu walioachwa huru kutoka Zanzibar, nao wakawa waanzilishi wa kijiji cha Kikristo cha Masasi. Mwaka uliofuata familia za Kikristo kutoka Bagamoyo zilisaidia kuanzisha misheni ya Mhonda. Cecil Majaliwa, Myao aliyewahi kuwa mtumwa, alipewa upadri mwaka 1890 na kuhudumu miaka mingi Chitangali. Nguvu ya watu hawa haikuonekana katika hesabu za Lyon au London, ingawa bila kilimo chao, ukatekista wao na ukarimu wao kwa wageni wenye shida, vituo vingi vya bara visingedumu.

Hali ya kisheria ya utumwa ilipofutwa Zanzibar mwaka 1897, Kenya mwaka 1907 na Tanganyika mwaka 1922, vijiji vya waliokombolewa vilipoteza sababu yao ya kwanza, na michango ikaelekezwa zaidi kwenye shule, hospitali na malezi ya mapadri. Mwaka huo wa 1922 Uenezaji wa Imani na Utoto Mtakatifu yalifanywa mashirika ya kipapa, na leo watoto wa Utoto Mtakatifu katika parokia za Tanzania hutoa sadaka kwa ajili ya watoto wa nchi nyingine, katika shirika lilelile ambalo zamani liliwahesabu watoto wa Afrika kuwa wahitaji tu. Badiliko hilo linatoa kipimo cha kuichambua historia nzima ya sadaka za misheni: wingi wa fedha haukutosha kuhakikisha haki ya mpokeaji, na msaada ulizaa matunda ya kudumu pale aliyesaidiwa alipopata sauti katika kuamua matumizi yake na nafasi ya kuwa mtoaji.