Diwani: Neno la Ofisi, Neno la Ushairi

Hapa Eldoret neno "diwani" lina maana mbili. Waliopiga kura kabla ya katiba ya 2010 wanamkumbuka diwani wa wadi yao, aliyewasemea katika baraza la manispaa. Mwanafunzi wa Kiswahili naye akitaja diwani, anamaanisha kitabu cha mashairi. Asili ya neno hili ni Uajemi, ambako lilitaja ofisi ya serikali na madaftari yake ya kodi, kisha likataja pia mkusanyo wa tungo za mshairi. Katika karne ya 13 walikuwapo watu walioshika diwani zote mbili, tena chini ya adui aliyewashinda.

Mwaka 1256 Hulagu, Mmongolia mjukuu wa Genghis Khan, aliiteka Alamut, ngome ya Waismailia katika milima ya kaskazini mwa Uajemi. Katika msafara wake alikuwamo karani Mwajemi, Ata-Malik Juvayni. Kabla maktaba ya ngome haijateketezwa, Juvayni aliomba ruhusa ya kuingia. Akatoa misahafu, vitabu adimu na vyombo vya kutazamia nyota. Vitabu vya itikadi ya Waismailia, ambavyo yeye Msunni aliviona vya upotovu, akaviacha viungue. Hilo tusimfichie, kwa maana mwokozi wa vitabu huchagua, na asichokichagua hupotea.

Mwaka 1258 Baghdad ikaanguka na khalifa akauawa. Mwaka uliofuata Juvayni akakabidhiwa kuutawala mji huo uliobomolewa. Alichimbisha mfereji wa kutoa maji mto Furati, mashamba yakarudi kulimwa. Nduguye, Shams al-Din, alikuwa sahib-divan, msimamizi wa fedha na utawala wa dola nzima. Mshairi Sa'di wa Shiraz aliwatungia ndugu hao sifa, na Safi al-Din al-Urmawi, bingwa wa elimu ya muziki, alipata hifadhi kwao.

Hifadhi hiyo ilikuwa na bei. Shams al-Din aliuawa kwa amri ya mtawala Arghun mwaka 1284. Baada yake alikuja Rashid al-Din, tabibu aliyepanda hadi uwaziri na kuandika historia ya mataifa, tangu China hadi Ulaya. Huko Tabriz alijenga mtaa mzima wa elimu, akauwekea wakfu, na hati yake ikaagiza vitabu vyake vinakiliwe kila mwaka kwa Kiarabu na Kiajemi. Mwaka 1318 naye aliuawa, na mtaa wake ukaporwa. Lakini nakala zilikwisha kusambaa, na ndiyo maana kazi yake inasomwa hadi leo.

Pwani yetu nayo ilipata mtu wa namna hiyo. Tangu 1895 Mombasa ilikuwa chini ya Waingereza, ingawa bendera ya Sultani wa Zanzibar iliendelea kupepea Fort Jesus hadi 1963. Liwali alikuwa mtu wa Sultani kwa jina, na mtumishi wa mkoloni kwa kazi. Sir Mbarak Ali Hinawy, aliyekuwa Liwali wa Mombasa na baadaye wa Pwani, alifanya kazi hiyo huku akikusanya miswada na tenzi za Kiswahili. Mwaka 1950 alitoa kitabu juu ya Al-Akida, jemadari wa Fort Jesus aliyegombana na Sultani hadi manowari za Waingereza zikaipiga ngome kwa mizinga mwaka 1875. Humo aliuchapisha utenzi wa Abdallah bin Masud al-Mazrui juu ya kisa hicho.

Tungo za Muyaka bin Haji nazo ziliponea chupuchupu. Mshairi huyo wa Mombasa alikwisha kufa zamani wakati Mwalimu Sikujua bin Abdallah alipozikusanya kutoka vinywani mwa watu, pamoja na mmisionari W. E. Taylor. Zilichapishwa Johannesburg mwaka 1940, chini ya jina lile lile: diwani.

Mtu anaweza kuwalaumu Juvayni na Hinawy kwa kumtumikia mgeni. Lawama hiyo ina haki yake. Hata hivyo, waliitumia nafasi ya ofisini kulinda kumbukumbu ya watu wao, na wengi waliokaa viti kama vyao hawakuacha hata ukurasa.

Eldoret imekuwa jiji tangu 15 Agosti 2024. Jedwali la Nne la katiba limeziweka maktaba, makumbusho na shughuli za utamaduni mikononi mwa kaunti. Wazee wa kaunti yetu ya Uasin Gishu wanazo nyimbo na habari ambazo hazijaandikwa popote, na Chuo Kikuu cha Moi kiko jirani, nacho kina wataalamu wa lugha. Rashid al-Din alitenga fedha za kunakili vitabu ilhali upanga u shingoni mwake. Wawakilishi wetu wa wadi hawana upanga juu yao. Tunawaomba watenge fungu hilo katika bajeti, wazee wangali hai.