Bonde Lililotawaliwa kwa Nguo

Kutoka Segera hadi Mombo barabara inafuata bonde la mto Pangani, ambao wenyeji wa Korogwe huuita Ruvu. Upande mmoja imesimama milima ya Usambara. Upande wa pili nyika ya Uzigua inatambaa hadi Handeni na kuishia kwenye milima ya Nguu. Kabla ya lami na kabla ya reli, bonde hili lilikuwa njia ya misafara iliyotoka bandari ya Pangani kwenda bara. Pembe za ndovu na watumwa waliteremshwa pwani, na kilichopandishwa kwa wingi kuliko kitu kingine kilikuwa nguo. Nguo hiyo haikuishia kustiri mwili. Iliamua nani awe na askari, nani atozwe na nani atawale.

Mwanzoni alama ya mtawala haikuwa nguo bali ngozi. Masimulizi ya Wakilindi, nasaba iliyotawala Usambara, yanaanzia kwa Mbegha, mwindaji aliyetoka Nguu, sehemu ambayo leo imo katika wilaya ya Kilindi iliyomegwa kutoka Handeni mwaka 2002. Mbegha aliogopwa na ndugu zake kwa kuwa alikuwa kigego, mtoto aliyetangulia kuota meno ya juu, basi akaondoka na mbwa wake. Huko Usambara aliwaua nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba, akagawa nyama, akapewa mke na heshima. Njiani kwenda Vuga, mji uliokuja kuwa makao ya watawala, aliua simba, na tangu hapo watawala wa Usambara wakasifiwa kwa jina la Simba Mwene. Haya yote yamehifadhiwa kwa Kiswahili katika Habari za Wakilindi, kitabu cha Abdallah bin Hemedi, mtu aliyeijua jamii hiyo kwa karibu.

Mzao wa nasaba hiyo, Kimweri ye Nyumbai, alitawala kutoka Vuga hadi karibu na bahari. Mmisionari Krapf alimtembelea mwaka 1848 na tena 1852. Wasafiri Burton na Speke wakafika 1857. Nguvu yake ilisimama juu ya kodi ya raia wa milimani: mifugo, vyakula, pembe. Mali ilipanda mlimani kwa mfalme, kisha mfalme akagawa. Lakini bondeni, miguuni pa milima hiyo hiyo, mali ya aina nyingine ilikuwa imeanza kupita.

Mwaka 1833 Sayyid Said wa Zanzibar alitia saini mkataba wa biashara na Marekani, na wafanyabiashara wa mji wa Salem wakamimina nguo ya pamba isiyotiwa rangi, nzito na imara, iliyokuja kuitwa merikani. Pamoja nayo ilikuwepo kaniki, nguo ya buluu iliyokolea hadi kukaribia weusi. Bara nguo hizi zilikuwa fedha. Zilipimwa kwa mkono, yaani kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati: mikono minne ni shuka, mikono minane ni doti, na mtumba mzima uliohesabiwa kwa majora ulikuwa mzigo wa mpagazi. Kwa kuwa mikono ya watu haifanani, kila kituo kilikuwa na mabishano yake juu ya nani apime. Msafara uliotaka maji, chakula au kibali cha kupita ulikunjua mzigo, ukalipa hongo, yaani ushuru wa njia, kwa doti.

Aliyeielewa biashara hii kuliko wote alikuwa Semboja, mtoto wa Kimweri. Hakung'ang'ania kukaa Vuga. Alijenga makao yake Mazinde, bondeni, mahali ambapo kila msafara lazima upite. Kimweri alipofariki mwaka 1862, kiti cha Vuga kilikwenda kwa mjukuu wake, Shekulwavu. Semboja, mwenye nguo za kulipa wapiganaji na bunduki za kuwapa, alimfukuza mtoto huyo wa ndugu yake na kumweka mwanawe mwenyewe, Kimweri Maguvu, juu ya kiti. Vuga ilibaki na heshima ya jadi, ila uwezo ulikuwa umeshateremka hadi Mazinde.

Uzigua haukuwa na mfalme mmoja, na huko nguo na bunduki ziliwainua wakubwa wengi wadogo waliowindana wao kwa wao. Njaa ilipoingia katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, Wazigua wengi walijikuta wakiuzwa na kupelekwa Somalia, kwenye mto Juba. Lugha yao haikufa huko. Vita vya Somalia vilipowatawanya wazao wao, baadhi walirudi Handeni, wakapewa makazi Chogo na baadaye uraia wa Tanzania.

Utawala wa Wajerumani uliivua nguo cheo chake cha fedha. Kodi ya nyumba ilidai rupia. Reli kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, na mzigo wa mpagazi ukakosa kazi. Mkonge, ulioletwa na Richard Hindorf mwaka 1893, ukatanda Hale, Mnyuzi na Ngombezi. Ardhi ikawa inatoa nyuzi za kamba za meli za dunia nzima, nao manamba, vibarua waliokata mkonge, walioletwa kutoka Songea, Kigoma na hata Rwanda na Burundi, walinunua kanga na shuka zilizofumwa ng'ambo. Wazao wao ni miongoni mwa wakazi wa Korogwe ya leo.

Historia hiyo bado inavaliwa. Kwa waganga wa Handeni utakuta nguo tatu, nyeupe, nyekundu na nyeusi, na ile nyeusi ni kaniki. Sokoni Manundu kanga bado inauzwa kwa doti.

Lakini hakuna chumba kimoja, Korogwe wala Handeni, kinachoyaeleza haya. Kwingine limewezekana: Thailand walifungua mwaka 2012 makumbusho ya nguo ya Malkia Sirikit ndani ya eneo la kasri la Bangkok, yakionyesha mavazi ya malkia pamoja na ufumaji wa vijijini uliokuwa ukipotea. Sisi hatuhitaji kasri. Halmashauri hizi mbili zikitenga chumba, zikatafuta jora la merikani, kaniki, kanzu ya zumbe (chifu), kisu cha manamba na kanga za bibi zetu, na zikarekodi wazee wa Mazinde, Chogo na Ngombezi wakieleza nani alivaa nini na kwa nini, mtoto wa Korogwe atajua kwamba bonde analopita kila siku liliwahi kuwapandisha na kuwashusha wafalme. Wazee hao hawatatusubiri. Kazi hii ianze wangali hai.