Kuisaidia Serikali, Kuulinda Umma: Malengo ya Chama cha Wanasheria Tanganyika, 1954–2024

Chama cha Wanasheria Tanganyika kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1954, wakati nchi ingali ya udhamini chini ya utawala wa Uingereza. Julai ya mwaka huohuo ilianzishwa TANU. Vyombo hivyo viwili vilizaliwa pamoja lakini havikuwa ndugu: kimoja kilitafuta wanachama vijijini, kingine kiliwakusanya mawakili wachache, wengi wao Wazungu na Waasia, waliofanya kazi mijini.

Miongoni mwa malengo ambayo sheria hiyo ilikipa chama, mawili yana uzito wa pekee. Moja ni kuisaidia Serikali na mahakama katika mambo yahusuyo utungaji na utekelezaji wa sheria. La pili ni kuulinda na kuusaidia umma katika mambo yote yanayogusa sheria. Mtungaji hakueleza lipi litangulie pale malengo hayo yanapogongana. Makala haya yanashikilia kwamba sehemu kubwa ya migogoro ya chama inatokana na pengo hilo, wala haikuanza mwaka 2017 kama inavyodhaniwa mara nyingi.

Jina lenyewe linahitaji ufafanuzi. Baada ya Muungano wa 1964 chama kiliendelea kuitwa cha Tanganyika, na huko hakukuwa kusahau. Uwakili si jambo la Muungano. Zanzibar ina Mahakama Kuu yake na chama chake cha wanasheria, na ni Mahakama ya Rufani tu, iliyoanzishwa 1979, inayohudumia pande zote mbili. Neno “wanasheria” nalo ni pana kuliko ukweli. Uanachama wa lazima uliwahusu mawakili wenye leseni ya kufanya kazi ya uwakili. Mawakili wa Serikali na mahakimu walikuwa na njia yao. Kwa hiyo Serikali iliyotakiwa kusaidiwa ilikuwa tayari na wanasheria wake yenyewe, na lengo la kwanza lilikuwa dhaifu tangu siku ya kwanza.

Lengo la pili halikuwa na bahati zaidi. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 1963 iliwazuia mawakili kusimama katika mahakama za mwanzo, ambako ndiko mwananchi wa kawaida hupeleka shauri lake la shamba, la mirathi au la ndoa. Zuio hilo lilidumu kwa miongo mingi. Chama kiliagizwa kuulinda umma, kisha wanachama wake wakafungiwa mlango ambao umma huo huingilia.

Azimio la Arusha la 1967 lilibadili mambo kwa namna isiyotajwa sana. Benki na makampuni makubwa yalipotaifishwa, wateja wakubwa wa mawakili binafsi wakawa mali ya dola, na mwaka 1970 liliundwa Shirika la Sheria Tanzania kuyahudumia mashirika ya umma. Wahitimu wa Kitivo cha Sheria cha Dar es Salaam, kilichofunguliwa 1961, wengi waliingia katika utumishi wa Serikali na mashirika. Udogo wa sauti ya chama katika miaka hiyo hauelezeki kwa woga peke yake. Mteja alikuwa amehama, na kijana aliyetarajiwa kurithi ofisi ya wakili alikuwa amehama naye.

Sauti ilirudi pamoja na nyenzo. Haki za binadamu ziliingizwa katika Katiba mwaka 1984 na kuanza kudaiwa mahakamani 1988; mfumo wa vyama vingi ukafuata 1992. Wakili aliweza sasa kuishtaki Serikali kwa niaba ya raia, na malengo mawili ya 1954 yakakutana uso kwa uso.

Mapema 2017 waziri mwenye dhamana ya sheria alionya kwamba chama kingeweza kufutwa endapo kingegeuka cha kisiasa. Onyo hilo lilikuwa na kasoro ya kisheria, kwa kuwa chama kilichoundwa kwa sheria hakifutwi kama kikundi kilichosajiliwa. Hilo ni kazi ya Bunge. Mwezi Machi, mjini Arusha, wanachama walimchagua Tundu Lissu, mbunge wa upinzani, kuwa rais wao. Agosti, baada ya ofisi za kampuni moja ya mawakili jijini Dar es Salaam kulipuliwa, viongozi wa chama waliwataka wanachama wasifike mahakamani kwa siku mbili. Tarehe 7 Septemba Lissu alipigwa risasi Dodoma, akanusurika. Kanuni za uchaguzi za 2018 ziliwazuia wabunge na viongozi wa vyama vya siasa kugombea, na wanachama wakamchagua Fatma Karume, ambaye hakuwa mwanasiasa lakini hakuwa mpole kuliko mtangulizi wake. Kanuni zilikuwa zimechuja vyeo. Mgongano wa malengo zikauacha palepale.

Mwaka 2024 Boniface Mwabukusi aliondolewa katika orodha ya wagombea na kamati ya rufaa ya chama chenyewe. Safari hii mwanachama alitafuta ulinzi dhidi ya chama, na aliutafuta Mahakama Kuu. Alirudishwa katika orodha, na mwezi Agosti akachaguliwa kuwa rais.