Albamu bora ya Sikinde ni ipi? Kwa nini ubishi huu hauishi

Kila tunapopiga nyimbo za DDC Mlimani Park Orchestra, maarufu kama Sikinde, wasikilizaji wetu huanza kubishana. Wa Katesh anataja diski aliyonunuliwa na mwanawe, wa Haydom anataja wimbo mmoja tu, na mzee wa Gitting anasema albamu zote hizo ni za juzi, Sikinde aliyoisikia yeye ilikuwa ndani ya redio. Wote wana hoja. Makala hii inaeleza nyimbo za Sikinde zilirekodiwa wapi, ziliwafikiaje wasikilizaji wa mikoani, na kwa nini jibu la swali hili linahusu pia haki za watunzi.

Albamu ni kitu gani

Albamu ni mkusanyiko wa nyimbo zinazotolewa pamoja, zikiwa na jina moja na mpangilio uliochaguliwa. Mtindo huu ulishika kasi baada ya kampuni ya Columbia ya Marekani kuingiza sokoni santuri kubwa mwaka 1948. Santuri hiyo ilibeba zaidi ya dakika 20 kila upande, hivyo msanii aliweza kupanga nyimbo nane au kumi kama kitu kimoja.

Ndiyo maana mashabiki wa bendi za rock za Ulaya na Marekani hubishana kwa urahisi kuhusu albamu. Chukua mfano wa Queen, bendi ya Uingereza iliyoongozwa kwa sauti na Freddie Mercury, mzaliwa wa Zanzibar wa mwaka 1946. Shabiki mmoja atasema bora ni A Night at the Opera ya 1975, mwingine atasema ni News of the World ya 1977. Kila mmoja anajua anazungumzia nyimbo zipi, kwa sababu bendi yenyewe iliziweka pamoja.

Kwa Sikinde mambo hayakwenda hivyo. Nyimbo zake nyingi zilizopendwa hazikurekodiwa ili ziwe albamu. Zilirekodiwa ili zipigwe redioni.

Bendi yenyewe kwa ufupi

Mlimani Park Orchestra ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1978. Mmiliki wake wa kwanza alikuwa shirika la usafiri na teksi, TTTS. Mwaka 1983 bendi ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC, na ndiyo asili ya herufi tatu zilizo mbele ya jina lake. Sikinde ni jina la mtindo wake, lililotokana na ngoma ya Wazaramo.

Miongoni mwa waliounda bendi hiyo ni Muhidin Maalim Gurumo na Hassan Rehani Bitchuka, waimbaji waliotoka Juwata Jazz. Juwata ni ile iliyoanza mwaka 1964 kwa jina la NUTA Jazz, ikimilikiwa na chama cha wafanyakazi, na leo inajulikana kama Msondo Ngoma. Kwa hiyo Sikinde na Msondo ni watani wa jadi ambao ni ndugu. Wanamuziki wamehama huku na kule, na wengine, kama marehemu Shaaban Dede, waliimba pande zote mbili kwa nyakati tofauti.

Mbali na Gurumo na Bitchuka, Sikinde ya miaka ya mwanzo ya 1980 ilikuwa na Cosmas Tobias Chidumule, ambaye sauti yake katika wimbo Neema bado inatajwa kila mahali, na baadaye akageukia nyimbo za Injili. Nyuma yao alikuwepo Michael Enoch, mkongwe aliyetoka Dar es Salaam Jazz, akipuliza saksafoni na kusaidia kupanga muziki.

Mwaka 1985 bendi ilipata pigo. Mfanyabiashara Hugo Kisima, mmiliki wa Orchestra Safari Sound, aliwachukua wanamuziki kadhaa muhimu, Gurumo akiwa mmoja wao, na kuunda bendi mpya iliyopiga mtindo wa Ndekule. Sikinde haikufa, iliajiri wengine na kuendelea. Lakini mashabiki wengi hadi leo hugawa historia ya bendi kwa mwaka huo: kabla ya 1985 na baada ya 1985.

Studio ilikuwa moja

Kabla ya Sheria ya Huduma za Utangazaji ya mwaka 1993 kufungua milango kwa vituo binafsi, Tanzania Bara ilitegemea Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD. Redio hiyo haikuwa ya kutangaza tu. Studio zake katika Barabara ya Pugu, ambayo leo ni Barabara ya Nyerere, ndizo zilizokuwa mahali pakuu pa bendi za nchi nzima kurekodi.

Utaratibu ulikuwa hivi. Bendi ilitunga nyimbo na kuzipiga ukumbini mpaka zikaiva. Maneno ya nyimbo yalikaguliwa kwanza. Siku ya kurekodi, bendi nzima iliingia studio na kupiga kwa pamoja: waimbaji, magitaa ya solo, ridhimu na besi, ngoma, matarumbeta na saksafoni. Nyimbo kadhaa zilirekodiwa kwa mkupuo mmoja. Kanda ilibaki redioni, na nyimbo zikaanza kusikika.

Kwa nini bendi hazikukimbilia kutengeneza santuri? Sababu moja ni kwamba mitambo ya kuchapa santuri ilikuwa Nairobi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa mwaka huo hadi 1983. Sikinde ilizaliwa katikati ya kipindi hicho. Baadhi ya nyimbo za bendi za Tanzania zilifika kwenye santuri na kaseti za Kenya, lakini msikilizaji wa kawaida wa Tanzania alizijua kwa redio.

Kuna jambo jingine ambalo wapenzi wa santuri hulisahau. Santuri ndogo haikuweza kubeba wimbo mrefu wa dansi upande mmoja, hivyo wimbo ulikatwa katikati: sehemu ya kwanza upande huu, sehemu ya pili upande wa pili. Wimbo wa dansi huanza taratibu ukisimulia kisa, kisha hupanda na kuchemka ili watu wacheze. Kuukata ni kumtoa mtu kitini na kumwambia asubiri. Kanda ya redio haikuwa na tatizo hilo, wimbo ulikwenda mwanzo hadi mwisho.

Gitting ilisikia nini

Gitting ipo chini ya Mlima Hanang, wenye urefu wa mita 3,417. Kutoka huko, ukumbi wa DDC Kariakoo ulikuwa mbali sana kwa mkulima wa kawaida. Wengi hawakuwahi kuiona Sikinde jukwaani. Waliijua kwa masafa ya kati na masafa mafupi, kwenye redio iliyotumia betri, au mawe kama tunavyoyaita, ambayo yalianikwa juani yakiishiwa nguvu ili yaongeze siku mbili tatu.

Hili linabadilisha ubishi wetu. Mtu wa Dar es Salaam anaikumbuka Sikinde kwa usiku wa ukumbini na nani alisimama mbele. Mtu wa Gitting anaikumbuka kwa nyimbo zilizopigwa tena na tena katika vipindi vya salamu na maombi, kwa mpangilio aliouamua mtangazaji. Mwenye kinasa sauti aliweka kaseti tupu, akabonyeza, akanasa. Kaseti yake ikawa na nyimbo za Sikinde, Vijana Jazz, Maquis na Marijani Rajab kwa pamoja, huku sauti ya mtangazaji ikiingia katikati. Kwa mtu huyo, hiyo ndiyo albamu.

Diski za 1994 na baada yake

Albamu ambazo vijana wanazitaja leo zilikuja baadaye, na nyingi zilitengenezwa nje ya nchi. Mwaka 1994 lebo ya Africassette ya Marekani ilitoa diski iliyoitwa Sikinde, na lebo ya Popular African Music ya Ujerumani ikatoa nyingine iliyoitwa Sungi. Mwaka 2009 lebo ya Buda Musique ya Ufaransa, katika mfululizo wake wa Zanzibara, ilitoa mkusanyiko wa bendi mbalimbali za Dar es Salaam za miaka 1978 hadi 1983, Mlimani Park ikiwemo.

Kazi hizi zimesaidia sana. Zimewafikisha wanamuziki wetu kwa wasikilizaji wasiojua hata neno moja la Kiswahili, na zimeokoa nyimbo ambazo huenda zingebaki rafuni. Lakini ni lazima tuzielewe kwa jinsi zilivyo: ni chaguo la mkusanyaji. Yeye ndiye aliyeamua wimbo upi uingie, upi ubaki nje, na upi uanze. Ukisema Sungi ni bora kuliko Sikinde, unawapima wakusanyaji wawili kabla hujaipima bendi.

Kambi tatu

Ukisikiliza ubishi wa mashabiki kwa makini, utaona kambi tatu.

Ya kwanza ni ya wanaotetea diski. Hoja yao ni kwamba diski ina sauti safi, inapatikana, na mtu mgeni anaweza kuanza nayo. Hoja hii ni nzuri kwa anayeanza kuijua bendi.

Ya pili ni ya wanaotetea kipindi. Kwao bora ni Sikinde ya 1978 hadi 1985, kwa sababu sauti za Gurumo, Bitchuka na Chidumule zilikuwa chini ya paa moja. Wapo pia wanaosema bendi ilipevuka baada ya 1985, kwa kuwa ushindani na Ndekule uliwalazimisha waliobaki kufanya kazi zaidi.

Ya tatu ni ya wanaotetea wimbo. Hawa hawataki kusikia habari za albamu wala kipindi. Watakutajia Neema, Nawashukuru Wazazi au Mtoto Akililia Wembe, kisha wananyamaza. Tukumbuke kwamba nyimbo hizi zilitungwa kama visa vinavyojitegemea, kila kimoja na funzo lake, hivyo kambi hii iko karibu sana na jinsi watunzi walivyofanya kazi.

Sifa na pesa ziende kwa nani

Wanamuziki wa bendi hizi walikuwa waajiriwa. Shirika lilimiliki vyombo na kulipa mshahara, redio ilibaki na kanda. Wimbo uliweza kupigwa nchi nzima kwa miaka 20 bila maisha ya mtunzi kubadilika. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, iliyoanzisha COSOTA, ilikuja mwaka 1999. Kwa sheria hiyo, haki ya mtunzi inalindwa katika maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Gurumo alifariki Aprili 2014 na Dede mwaka 2017. Maana yake ni kwamba katika nyimbo walizotunga, warithi wao bado wana haki.

Hapa ndipo ubishi wa mashabiki unapokuwa na uzito. Ukitaja diski pekee, sifa inakwenda kwa aliyeitengeneza. Ukitaja wimbo, mtunzi, mwimbaji na mwaka, unasaidia kujua haki ni ya nani. Jina la mtunzi likisahaulika, familia yake itadai kwa ushahidi gani?

Msimamo wetu

Sisi tunachagua rekodi zilizofanywa RTD kabla ya mgawanyiko wa 1985. Sababu yetu ni waimbaji: Gurumo mwenye sauti nzito ya kusimulia, Bitchuka mwenye sauti nyembamba ya juu, na Chidumule mwenye huzuni iliyotulia. Hakuna kipindi kingine ambapo bendi ilikuwa na tofauti kubwa hivyo za sauti zikaelewana hivyo. Anayependa Sikinde ya baadaye hakosei. Tunamwomba tu ataje wimbo na aliyeuimba, ili tubishane juu ya kitu kimoja.

Kama una kaseti ya zamani

Kaseti iliyonaswa redioni miaka hiyo inaweza kuwa na wimbo ambao haumo kwenye diski yoyote. Itunze hivi:

Vunja vipande viwili vidogo vya plastiki vilivyo ukingoni mwa kaseti, upande ulio mkabala na ule unaoonyesha utepe, ili mtu asinase kitu kingine juu yake.

Iweke pakavu, mbali na jua, moshi wa jikoni na spika, kwa kuwa sumaku ya spika huharibu utepe.

Usiipige kwenye redio inayokula utepe. Tafuta mashine nzima, iunganishe kwa waya na kompyuta, na unakili mara moja kwa uangalifu.

Andika kwenye karatasi ulichokisikia: jina la bendi, wimbo, mwimbaji na mwaka kama mtangazaji aliutaja. Usifute sauti ya mtangazaji, kwani mara nyingi ndiye pekee aliyetaja jina la mtunzi.